Tumefundishwa, Mbona Hatufanyi? Majibu kwa Barua za Wahudumu wa Afya

Barua za mwezi huu zimetoka kando ya Ziwa, Magharibi na Bonde la Ufa, na karibu zote zina lalamiko moja: utafiti upo, mwongozo wa Wizara upo, semina imehudhuriwa, lakini kazi inaendelea kama zamani. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Dozi tulizotaja zinafuata miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Kabla ya kumpa mgonjwa dawa, linganisha na mwongozo wa Wizara ulio kituoni kwako.

Tulifundishwa kuhusu akina mama wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, tukapewa na mashuka ya plastiki ya kupimia damu. Miezi ya mwanzo tulifanya vizuri. Sasa tumerudi kukadiria kwa macho, na wenzangu wanasema kupima ni kazi nyingi. Kosa ni letu au ni la mafunzo? — Mkunga, Kaunti ya Kakamega

Dada mkunga, tuanze na utafiti wenyewe, maana wengi wanausimulia nusu. Jaribio la E-MOTIVE, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023, lilifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, na akina mama waliojifungua humo walipita 200,000. Hapakuwa na dawa mpya. Hospitali za kulinganishia ziliendelea na matibabu yao ya kawaida, na hata shuka la kukusanyia damu zilipewa, ila halikuwa na alama za vipimo. Huko, katika kila akina mama 100 waliotokwa na damu kupita kiasi, 51 tu ndio waliogunduliwa. Kwenye hospitali zilizobadili utaratibu waligunduliwa 93. Madhara makubwa, yaani kupoteza lita 1 ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa kuvuja damu, yalipungua kwa asilimia 60.

Kilicholeta tofauti ni mpango mzima: shuka lenye alama, matibabu yote kutolewa kwa pamoja, boksi au toroli iliyojazwa tayari, mazoezi palepale wodini, mhudumu mmoja anayelisimamia jambo hilo, na taarifa ya matokeo kurudishwa kwa waliofanya kazi. Kituo kilichopewa semina na mashuka tu kimepewa kipande cha mpango, na kipande hakiwezi kuzaa matokeo ya kitu kizima. Kwa hiyo msilaumiane. Tafuteni kipande kilichokosekana.

Mahali pa kwanza pa kuangalia ni namna shuka linavyotumika. Liwekwe chini ya makalio ya mama mara tu mtoto anapotoka, kabla ya kondo la nyuma. Likiwekwa mapema linakusanya maji ya uzazi na mkojo, damu inasomeka nyingi kuliko ilivyo, na wahudumu wakishababaishwa hivyo mara mbili tatu wanaacha kuliamini. Kwa maoni yetu hilo ndilo linalofukuza shuka wodini kuliko wingi wa kazi. Kosa la pili ni kuliondoa upesi, kondo likishatoka tu, ili kitanda kisafishwe. Damu ya baadaye inaishia kwenye pedi na hakuna anayeihesabu. Liache saa 1 nzima. Kila dakika 15 soma kiasi cha damu, pima mapigo ya moyo na presha, na gusa tumbo kuona kama nyumba ya uzazi imekaza.

Anza matibabu damu ikifika mililita 500. Usisubiri zifike ikiwa imefika 300 na mama tayari ana dalili mbaya, kama mapigo ya moyo yaliyopita 100 kwa dakika au presha ya juu (namba ya kwanza ya kipimo) iliyoshuka chini ya 100. Mmoja akande nyumba ya uzazi huku mwingine akiweka dripu. Oksitosini, dawa ya kukaza nyumba ya uzazi, yuniti 10 zichanganywe kwenye mililita 200 hadi 500 za maji ya dripu, ziingie kwa dakika 10, kisha yuniti 20 katika lita 1 kwa saa 4. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu iliyoganda isiyeyuke, ni gramu 1, ambayo kwa ampuli za miligramu 500 ni ampuli 2, ikiingizwa mshipani polepole kwa dakika 10. Toa mkojo, tazama kama kuna mchaniko, hakikisha kondo limetoka zima. Haya yote yawe yamefanyika ndani ya dakika 15. Damu ikiendelea, mwite mkubwa au anza kupanga rufaa saa hiyo hiyo.

Sasa uliza: saa nane za usiku, asidi ya traneksamiki iko wapi? Ikiwa iko kwenye duka la dawa lililofungwa, basi kwenu haipo. Dawa hii haina faida ikitolewa baada ya saa 3 tangu kujifungua, na kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10. Kukimbia kutafuta ufunguo kunakula dakika hizo. Haihitaji friji, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiweka mbali na kitanda. Tengenezeni boksi la plastiki lenye mfuniko: ampuli 4 za traneksamiki, kanula 2 nene, seti ya dripu, chupa 2 za maji, sirinji za mililita 10, glavu ndefu, katheta, na vidonge 4 vya misoprostoli vya mikrogramu 200 kwa ajili ya siku ambayo oksitosini imekosekana. Oksitosini yenyewe ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na juu ya boksi iandikwe iko friji gani. Fungeni boksi kwa utepe ulioandikwa tarehe. Wakati wa kukabidhiana zamu mtu anatazama utepe tu: mzima, endelea, umekatwa, jaza upya. Tahadhari moja nzito: traneksamiki isihifadhiwe pamoja na dawa za ganzi ya uti wa mgongo. Ampuli zinafanana, na kwingine wagonjwa wamekufa kwa kuchomwa dawa hii mgongoni.

Mashuka yakiisha, pimeni kwa mizani ya jikoni. Uzito wa pedi na vitambaa vyenye damu, toa uzito wake vikiwa vikavu. Gramu 1 ihesabuni kama mililita 1. Shuka lililotumika msilioshe.

Mimi ni msimamizi wa kituo cha afya. Waraka kuhusu kupima presha kwa usahihi nimeubandika ukutani na kila mtu amesaini kwamba ameusoma. Nikipita chumba cha kupimia naona hakuna kilichobadilika. Nifanye nini kingine? — Kisumu

Mkuu, waraka ukutani ndiyo njia dhaifu kuliko karibu zote, na hili limepimwa. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha mapitio makubwa ya tafiti kuhusu mbinu za kuboresha kazi ya wahudumu katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kuwapa wahudumu maandishi pekee kuliongeza wagonjwa waliohudumiwa ipasavyo kwa 1.4 tu katika kila 100. Mafunzo peke yake, au usimamizi peke yake, kulileta ongezeko la kati ya 10 na 16. Vikiunganishwa, 18 hivi. Wahudumu kukaa pamoja na kutatua tatizo lao wenyewe kulileta 28 hadi 37, ingawa ukiingiza na tafiti ambazo mbinu hiyo ilichanganywa na nyingine, ongezeko linashuka hadi 12. Hata hivyo 12 ni zaidi ya mara nane ya karatasi yako.

Kwa hiyo anza na rejista uliyo nayo. Toa vipimo 50 vya presha vya hivi karibuni na uangalie tarakimu ya mwisho ya presha ya juu. Mashine ya mkono ina alama za 2, 2, kwa hiyo tarakimu 0, 2, 4, 6 na 8 zilipaswa kugawana karibu sawa, kila moja mara 10 hivi. Ukikuta sifuri ziko 35 au 40, rejista imejaa 120/80, 130/80 na 140/90, ujue watu wanakadiria. Hapo mgonjwa mwenye 142 anaweza kuandikwa 130, na mwenye 134 akaandikwa 140. Mmoja anakosa dawa anayoihitaji, mwingine anaanzishwa dawa ya maisha bila sababu.

Kisha keti chumbani kwa nusu saa ukiangalia, bila kusema neno. Mgonjwa anatakiwa akae dakika 5 akiwa ametulia, mgongo umeegemea, miguu sakafuni haijapishana, mkono uko juu ya meza usawa wa moyo, haongei. Mpira wa ndani wa mkanda uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha presha kwa uongo. Anapimwa mara 2, akipumzika dakika 1 au 2 katikati. Utagundua mengine hayahusu ujuzi kabisa. Kiti hakina mgongo. Mkanda mkubwa haupo. Foleni imepangwa hivi kwamba mgonjwa anaitwa, anatembea upesi kutoka benchi la mwisho, anapimwa akiwa bado anahema. Hakuna waraka utakaoliondoa hilo. Sogeza benchi la kusubiria hadi mlangoni mwa chumba cha kupimia, na dakika 5 za kutulia zitapatikana bila mtu kuongeza kazi.

Kikao kiwe cha wote, pamoja na mhudumu wa mapokezi na anayepanga foleni. Weka mbele yao karatasi ya tarakimu, uulize: nini kinatuzuia? Acha waseme. Chagueni kizuizi kimoja, mtu wa kukiondoa, na tarehe. Mwezi unaofuata hesabu tena vipimo 50.

Kuhusu kurudisha matokeo kwa wahudumu, mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 140, yaliona ongezeko la kati la asilimia 4.3. Ni dogo, lakini ndani ya wastani huo kuna vituo vilivyopiga hatua kubwa, na sababu zake zinajulikana. Matokeo husaidia zaidi pale kazi ilipokuwa duni mwanzoni. Yatolewe na msimamizi au mwenzao wa kazi. Yarudishwe zaidi ya mara moja. Yasemwe na pia yaandikwe. Yawe na lengo na mpango wa kulifikia. Kusoma takwimu mara moja kwa mwaka mbele ya wageni kutoka kaunti hakutimizi hata moja kati ya hayo.

Usikimbilie kushangilia wala kukata tamaa kwa mwezi mmoja. Kwa mafaili 20, kutoka 12 yaliyo sahihi hadi 14 ni kuyumba kwa kawaida. Chora nukta ya kila mwezi kwenye karatasi ya miraba, piga mstari kwenye namba ya katikati ya miezi ya kabla ya mabadiliko. Nukta 6 mfululizo zikikaa upande mmoja wa mstari, hapo kuna jambo.

Nimehamishwa kutoka Nakuru kuja Siaya. Huku kliniki ya wajawazito wanatoa SP (sulfadoksini na pirimethamini, dawa ya kuzuia malaria), kitu ambacho Nakuru hatukuwa tukifanya. Kwanza, kwa nini tofauti? Pili, nasikia SP imezoewa na vimelea, na kuna dawa bora. Mbona hatubadilishi? — Muuguzi

Tofauti ni ya malaria yenyewe. Kenya inatoa SP kwa wajawazito katika kaunti ambako malaria iko mwaka mzima, za Ziwa na za Pwani. Nakuru haimo.

Swali lako la pili ni zuri sana, kwa sababu linaonyesha kwa nini hatuhami dawa kwa sababu moja tu iliyo sahihi. Ni kweli usugu dhidi ya SP ni mkubwa upande wa Ziwa. Dihaidroatemisinini pamoja na piperakwini imejaribiwa badala yake, humuhumu magharibi mwa Kenya na kwingineko, na inazuia malaria kwa wajawazito vizuri zaidi. Lakini jaribio kubwa la Kenya, Malawi na Tanzania lililochapishwa katika Lancet mwaka 2023 halikuona watoto wakizaliwa katika hali bora kuliko wale ambao mama zao walipata SP. Inaelekea SP inausaidia ujauzito kwa njia nyingine nje ya malaria, na uzito wa mtoto unanufaika. Ukipima vimelea tu, utabadilisha dawa kesho. Ukipima mtoto anayezaliwa, unaendelea na SP huku utafiti ukiendelea.

Sasa namna ya kuitoa, maana hapo ndipo faida inapopotea. Vidonge 3 kwa mkupuo, kuanzia mwanzo wa miezi mitatu ya pili, dozi zikipishana angalau wiki 4, hadi kujifungua. Mama apate angalau dozi 3. Anaweza kumeza hata kama hajala. Asiyefaa ni mwenye mzio wa dawa za salfa, na anayetumia septrini kwa ajili ya VVU. Akikutwa na malaria siku hiyo, mtibu malaria.

Angalia sana foliki asidi. Vidonge vya miligramu 5 vinapunguza nguvu ya SP. Kidonge cha pamoja cha madini ya chuma miligramu 60 na foliki miligramu 0.4 hakina shida hiyo. Fungua kabati la kliniki yako. Ukikuta makopo ya miligramu 5 kwenye rafu ile ile na SP, yatenganishe leo.

Na mama ameze mbele yako. Kliniki nyingi humpa aende nazo nyumbani kwa sababu moja tu: hakuna maji ya kunywa wala vikombe chumbani. Ndoo yenye bomba, maji yaliyotiwa dawa, vikombe 10 na beseni la kuvioshea vinatosha.

Wagonjwa hapa Njoro wakipimwa malaria na kukutwa hawana, bado wanataka dawa za malaria. Nikikataa wanaenda kununua dukani. Afadhali niwape? — Afisa wa kliniki

Hapana, usiwape. Tangu mwaka 2010 WHO inataka kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na kwenu, ambako malaria ni chache, jibu la "hakuna" linaaminika zaidi kuliko hata kule Ziwani. Lakini mgonjwa hakuja kutafuta karatasi ya maabara. Ana homa, na anataka kujua ni nini. Mhudumu akisema "huna malaria" kisha akanyamaza, au akatoa antibiotiki kwa kila mtu, tumebadilisha kosa moja kwa jingine. Tafiti katika nchi kadhaa zimeonyesha hivyo hasa: vipimo vilipokuja dawa za malaria zilipungua, antibiotiki zikapanda.

Kwanza hakikisha kipimo ni cha kuaminika. Damu ni mikrolita 5, kiasi cha kile kifaa kinachokuja ndani ya boksi, si tone kubwa la kukisia. Chupa ya maji ya kipimo ishikwe wima, matone yahesabiwe kama boksi linavyosema. Soma kwa dakika zilizoandikwa, 15 au 20 kutegemea aina. Kilichosahaulika hadi jioni kinaweza kuonyesha mstari wa uongo. Kumbuka pia kwamba vipimo vinavyotafuta HRP2, protini ya vimelea vya malaria, vinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Aliyetibiwa karibuni apimwe kwa hadubini.

Kisha tafuta chanzo, na mgonjwa akuone ukitafuta. Kwa mtoto hesabu pumzi dakika 1 kamili: 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni haraka mno. Angalia masikio na koo, uliza kuhusu kuhara na mkojo, pima mkojo ikibidi. Uliza safari: aliyekuwa Busia wiki iliyopita si sawa na ambaye hajatoka Njoro. Mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea bila fahamu nzuri, ni rufaa.

Asiye na dalili hizo mweleze umeona nini, mpe dawa ya homa, na umwambie arudi baada ya siku 3 homa ikiendelea, au wakati wowote akizidiwa. Mwandikie tarehe kwenye kitabu chake. Mgonjwa mwenye tarehe ya kurudi haendi dukani kwa urahisi.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Darasani tunaambiwa tufuate ushahidi wa utafiti. Wodini wakubwa wanasema utafiti ni wa Wazungu, wao wanafuata walichokiona kwa miaka. Nani mkweli? — Kisumu

Hoja ya "ni wa Wazungu" haisimami, na kwa mji wako ndiyo kabisa. Vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 waliojiunga na jaribio la tohara dhidi ya VVU walikuwa wa Kisumu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007, yakaonyesha maambukizi kupungua kwa zaidi ya nusu, na yakakubaliana na majaribio ya Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini. WHO ikapendekeza tohara hiyo mwaka huo huo, na Kenya ikaanza mpango wake mwaka 2008. Majaribio matatu, nchi tatu, jibu moja: huo ndio ushahidi wa kubadilisha sera.

Macho ya wakubwa wako nayo hayadharauliwi, ila yana mahali yanapokwama. Chukua jaribio la FEAST la mwaka 2011, lililofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, hata Mbale, ng'ambo ya Mlima Elgon ukitokea Bungoma. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika waligawanywa: wengine walipewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, wengine hawakupewa hayo ya haraka. Kati ya waliopewa, 10.6 na 10.5 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48, kulingana na aina ya maji. Wasiopewa, 7.3. Tofauti ya watatu kwa mia hakuna daktari anayeweza kuiona kwa macho, hata akifanya kazi miaka 30, hasa kwa kuwa mtoto huchangamka kidogo maji yanapoingia. Anachokumbuka ni kuchangamka.

Lakini soma pia nani hakuingizwa. Wenye kuhara na kutapika hawakuwemo, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Mwanafunzi anayetoka darasani na "maji ya haraka yanaua" akamnyima dripu mtoto aliyekaushwa na kuhara, ataua kwa kutumia utafiti. Mtoto huyo aliyepungukiwa maji vibaya anahitaji mililita 100 kwa kilo: chini ya mwaka 1, mililita 30 kwa kilo katika saa 1 na 70 katika saa 5, mkubwa zaidi, 30 katika nusu saa na 70 katika saa 2 na nusu. Mwenye utapiamlo mkali ana mpango wake tofauti.

Utafiti mmoja mzuri pia hautoshi kuwa sheria. Mwaka 2011 Lancet ilichapisha jaribio la Kenya katika vituo 107 vya mashambani, ambapo wahudumu waliotumiwa ujumbe mfupi wa simu kwa miezi 6 waliboresha matibabu ya malaria kwa watoto kwa alama 23.7 za asilimia. Inapendeza. Hata hivyo mapitio yale ya mwaka 2018 tuliyomtajia msimamizi wa Kisumu yaliona kuwa teknolojia peke yake, kwa ujumla, inaongeza 1 tu. Ndiyo maana kwa mgonjwa aliye mbele yako unashika mwongozo uliopima tafiti zote, kama ule wa Wizara wa matibabu ya watoto hospitalini, kabla ya kushika makala moja.

Wodini, usianze na "utafiti unasema". Fungua ukurasa wa mwongozo, muoneshe mkubwa wako mgonjwa yuko kundi gani, na uulize: "Daktari, huyu hana kuhara, uzito wake ni kilo 11, mwongozo hapa unasema hivi. Tufuate huu?" Hesabu za dozi uwe umeshazifanya.

Akina mama wanaacha zinki kuhara kukikoma. Niwaambie nini? — Mhamasishaji wa afya ya jamii, Busia

Waambie kwamba vidonge vya siku za mwisho vinamkinga mtoto asiharishe tena katika miezi 2 hadi 3 inayofuata. Dozi ni miligramu 20 kwa siku, au nusu yake kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge kiyeyushwe kwenye kijiko chenye maziwa ya mama au maji safi. Siku ya kwanza mpe mama dozi mbele yako, kisha chora visanduku 10 kwenye karatasi ya dawa, akate kimoja kila siku.

Ukiwa hapo hapo kagua maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Soma pakiti: nyingine ni za mililita 500, nyingine za lita 1, na kosa la kutia ya lita 1 kwenye chupa ya soda ya nusu lita linampa mtoto chumvi nyingi mno. Chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, mkubwa kidogo 100 hadi 200, kidogokidogo kwa kikombe. Akitapika, subirini dakika 10, kisha mwendelee polepole zaidi. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.